Maswali ya Wasomaji: Ramani za Zamani na Mashamba ya Umwagiliaji ya Tabora na Kigoma

Barua za msimu huu zimeleta swali moja kwa sura nyingi: ramani za zamani za topografia, zile zenye kontua (mistari inayounganisha sehemu za urefu sawa), mito, mbuga na njia za miguu, zinaweza kuwasaidia nini wakulima wanaotegemea maji ya mito, mabwawa na malambo? Nimechagua barua chache kutoka mikoa yetu miwili, nikazifupisha bila kugusa kiini chake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mgogoro unaoelezwa humo bado haujaisha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga wilayani Igunga. Wazee wetu wanasema kwamba mfereji uliokuwa ukitoa maji kwenye korongo na kuyaleta katika majaruba yetu ulikuwepo tangu enzi za mkoloni, lakini wenzetu wa upande wa juu wameuziba na kulima juu yake. Kwenye kikao cha kijiji walileta nakala ya ramani ya zamani ya skeli ya 1:50,000, wakatuonyesha kwamba hakuna mfereji wowote uliochorwa hapo. Je, madai yetu yamekwisha?
*Katibu wa kikundi, Igunga*

Hayajakwisha, Ndugu Katibu. Ramani hiyo ni shahidi mzuri wa mambo mengi, lakini kutoonekana kwa mfereji mdogo wa wakulima ndani yake si ushahidi kwamba mfereji haukuwepo. Ningeomba mwenyekiti wa kijiji asifunge shauri kwa hoja hiyo peke yake.

Tuanze na namna karatasi hizo zilivyotengenezwa. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara maalumu ya kupima makoloni yake, ambayo tangu 1957 ilijulikana kama Directorate of Overseas Surveys, na ndiyo iliyoanzisha mfululizo wa ramani za 1:50,000 za nchi yetu; baada ya Uhuru kazi hiyo iliendelea pamoja na Idara ya Upimaji na Ramani ya serikali yetu. Ndege zilipiga picha za anga katika mistari sambamba, kila picha ikifunika sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, ili mchoraji akiziweka mbili mbili chini ya chombo maalumu aione ardhi ikiinuka na kushuka. Kutokana na jozi hizo alichora kontua, mito, barabara na makazi, bila yeye mwenyewe kukanyaga Igunga. Majina na baadhi ya maelezo yalikusanywa baadaye na watu waliotembea vijijini.

Sasa fikiria kilichoonekana kutoka juu. Picha za anga zinahitaji mbingu isiyo na mawingu, kwa hiyo kwa kawaida hupigwa kiangazi. Kwetu huo ndio wakati mpunga umeshavunwa, ng'ombe wameachiwa mabua, matuta ya majaruba yamekanyagwa na mifereji haina tone la maji. Kinachong'aa kwa maji wakati wa masika huwa vumbi mwezi wa Septemba. Mchoraji aliyekaa ofisini mbali na hapa hakuwa na sababu ya kuutambua mtaro mkavu uliopita katikati ya mashamba ya watu wawili.

Jambo la pili ni skeli. Katika 1:50,000, sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 500 ardhini, na milimita 1 ni mita 50. Mfereji wa upana wa mita moja na nusu, ukichorwa kwa upana wake halisi, ungekuwa na sehemu tatu za mia za milimita, na hakuna kalamu wala jicho la kuumudu mstari huo. Vitu vyembamba huchorwa kwa alama iliyonenepeshwa, ikiwa tu mchoraji ameamua kwamba vina uzito wa kutosha. Mfereji mkuu wa skimu iliyojengwa na serikali ulikuwa na nafasi nzuri ya kuchorwa, lakini mfereji uliochimbwa kwa majembe na kaya chache haukuwa nayo.

La tatu ni tarehe, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Ramani ina tarehe zaidi ya moja. Angalieni ukingo wa chini wa karatasi, kwenye maandishi madogo ambayo kwa bahati mbaya wengi huyakata wanapotoa nakala: mtakuta mwaka wa kuchapishwa, na mara nyingi pia mwaka wa picha za anga zilizotumika. Kinachotawala ni mwaka wa picha, na kati ya miaka hiyo miwili inaweza kupita miaka kadhaa. Kwa mfano, karatasi iliyotokana na picha zilizopigwa kabla ya kujengwa kwa Bwawa la Mwamapuli haitaonyesha bwawa hilo hata kama ilichapishwa baadaye, na hakuna mtu Igunga atakayesimama kudai kwamba Mwamapuli haipo. Kama nakala iliyoletwa kikaoni haina ukingo, kataeni kuijadili mpaka iletwe karatasi nzima.

Pamoja na hayo, msiitupe, kwa sababu kuna mambo inayoyajua vizuri. Itawaonyesha njia ya korongo ilivyokuwa wakati wa picha, kwa mstari wa buluu uliokatika-katika ambao huashiria mto wa msimu. Ufuateni mstari huo kwa kidole kutoka juu kuelekea mbugani, mwone mahali unapopinda, mahali unapogawanyika, na mahali unapoishia kwa sababu maji yametawanyika kwenye udongo mweusi. Kisha nendeni mahali penyewe pamoja na wazee na karatasi mkononi. Mkikuta korongo la leo limehamia upande mwingine, huenda mmepata sababu ya mfereji kuachwa, au sababu ya kuchimbwa kwake.

Hatua yenye manufaa zaidi ni kuomba picha za anga zenyewe badala ya ramani peke yake. Picha huhifadhi vitu ambavyo mchoraji aliviacha. Mkiitazama kwa kioo cha kukuzia, tafuteni mstari mwembamba unaokata mteremko kwa ulalo mdogo badala ya kushuka nao moja kwa moja, kwa sababu maji ya asili hushuka na ni binadamu pekee anayeyapeleka pembeni. Mara nyingi mstari huo huandamana na ukanda wa majani meusi kidogo kuliko ya jirani. Mstari wa namna hiyo, ukilingana na maelezo ya wazee wawili au watatu waliohojiwa mmoja mmoja, una nguvu kubwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji.

Niongeze tahadhari moja kwa upande wenu. Hata kama mfereji ungechorwa waziwazi, ramani ya topografia haimpi mtu haki ya ardhi wala ya maji. Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na matumizi ya maji kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, ambayo inataka vibali vitolewe na bodi za maji za mabonde. Na hapa kontua zitawasaidia kujua mlango wa kubisha. Maji ya Igunga hushuka kupitia mto Manonga na mbuga ya Wembere hadi Ziwa Kitangiri na hayafiki baharini, kwa hiyo ninyi mko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Jirani zenu ambao mito yao inaingia Igombe au Ugalla wako katika maji ya Malagarasi, na wao huhudumiwa na Bodi ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Mkoa mmoja wa Tabora umegawanywa na miinuko ambayo mtu akiwa kwenye basi hata haisikii.

Wembere hiyohiyo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walifikiria kuimwagilia kwa maji ya Ziwa Victoria ili ilimwe pamba. Mpango ule haukutekelezwa. Leo maji ya Ziwa Victoria yanafika Igunga, Nzega na Tabora kwa mabomba, kwa ajili ya kunywa, na mashamba yetu bado yanasubiri mvua na mabwawa.

Nina ramani ya zamani ya eneo letu na nina simu yenye GPS. Nikisoma namba za simu na kuzitafuta kwenye gridi ya ramani, shamba langu linaangukia mbali kabisa na mahali lilipo. Ramani imekosewa, au ni simu?
*Kijana mkulima wa mpunga, Nzega*

Hakuna iliyokosea, zinatumia misingi miwili tofauti ya kupimia dunia. Ramani zetu za 1:50,000 zilijengwa juu ya datamu iitwayo Arc 1960, ambayo hutumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Simu yako inatumia WGS 84, msingi uliotengenezwa kwa ajili ya setilaiti. Ukichukua namba za gridi za simu ukazipachika kwenye karatasi ya zamani bila kuzigeuza, katika latitudo zetu utapotoka kwa takriban mita 300 kuelekea kusini, na kwa kiasi kidogo kuliko hicho kwa mashariki–magharibi. Kwenye karatasi hiyo ni milimita 6. Kwa jaruba la mpunga, mita 300 zinatosha kukuhamishia kwenye kitongoji kingine.

Programu nyingi za ramani za simu zina sehemu ya kuchagua datamu. Chagua Arc 1960 na mfumo wa UTM, yaani gridi inayoigawa dunia katika kanda, kisha kanda ya 36 kusini, ambayo ndiyo ya mkoa wote wa Tabora. Kisha hakiki kabla ya kuiamini. Nenda mahali ambapo hapajahama tangu ramani ichorwe, kwa mfano stesheni ya Bukene, kwa kuwa reli ya Tabora hadi Mwanza imekuwa hapo tangu miaka ya 1920, na uone kama simu na karatasi vinakubaliana. Tofauti ya mita 25 hadi 50 ikibaki usihangaike, kwa sababu huo ndio uwezo wa skeli yenyewe.

Wasomaji wa Kigoma wana tatizo jingine ambalo sisi wa Tabora hatuna. Mpaka kati ya kanda ya 35 na ya 36 ni longitudo ya nyuzi 30 mashariki, nao unapita katikati ya mkoa wao: mji wa Kigoma na Ujiji viko kanda ya 35, na mji wa Kasulu umeangukia kidogo tu ndani ya kanda ya 36. Mtu akisafiri kutoka mjini kwenda Kasulu, namba za mashariki hubadilika ghafla. Anayechora mto unaovuka mpaka huo aiandike kanda pembeni ya kila namba anayochukua, la sivyo kipande kimoja cha mto wake kitaangukia mamia ya kilomita kutoka kwa kingine.

Nina shamba la mpunga na michikichi bonde la Luiche, karibu na Ujiji. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda yakaingia mashambani. Mjukuu wangu amenionyesha nakala ya ramani ya Wajerumani na nyingine ya Waingereza, na ufuo haulingani. Ipi nishike ili niseme mpaka wa shamba langu ulikuwa wapi?
*Mzee wa Ujiji*

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa shamba. Ramani zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kila moja kwa wakati wake, kwa maana Ziwa Tanganyika halijawahi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Karne ya kumi na tisa, wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, njia pekee ya maji kutoka ziwani, yaani mto Lukuga upande wa Kongo, ilikuwa imeziba kwa mchanga na mimea, na ziwa likawa linaendelea kupanda. Mnamo 1878 kizuizi hicho kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miongo iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Ufuo wa Ujiji, ambao ni tambarare, ulirudi nyuma sana na bandari yake ikawa ya kina kifupi. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1914, mwisho wake uliwekwa kwenye ghuba ya Kigoma yenye kina, wala si Ujiji palipokuwa na mji mkubwa na soko la siku nyingi.

Ramani ya Wajerumani uliyo nayo, kama ni ile ya 1:300,000 iliyochapishwa Berlin na Dietrich Reimer, ilianzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Waliitunga kwa kuunganisha daftari za wasafiri na maofisa waliotembea njia fulani wakiwa na dira na saa. Karibu na njia hizo ina maelezo mengi na ya kuvutia, ila katikati ya njia mbili kuna uwazi. Humo sentimita 1 ni kilomita 3, kwa hiyo bonde lote la Luiche ni la ukubwa wa kucha chache. Itakusaidia kujua kijiji fulani kilikuwepo na kiliitwaje, lakini usiitumie kupimia ufuo.

Ile ya Waingereza ni nzuri zaidi, ila uliza picha zake zilipigwa lini. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipandisha ziwa mpaka likafika kilele mwaka 1964, kisha likaanza kushuka tena. Picha ya kabla ya mvua hizo na picha ya katikati ya miaka ya 1960 zitakupa fukwe mbili tofauti katika bonde hilohilo. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 200, ziwa likipanda mita 2 hula mita 400 za shamba, na sehemu za delta ya Luiche ni tambarare kuliko hivyo. Nao mto wenyewe huleta udongo kutoka milimani na kubadili mdomo wake.

Kwa hiyo, mzee wangu, usiuwekee mpaka wako msingi wa mstari wa ufuo katika ramani yoyote. Uuwekee msingi wa vitu visivyotembea: kilima, barabara, reli, bikoni (nguzo ya alama) ya upimaji. Kutoka hapo pimeni umbali hadi kwenye michikichi ya zamani ambayo majirani wanaifahamu, na mwandike mbele ya mtendaji, hali wanaoikumbuka wakingali hai. Ukumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 kwenye karatasi ya 1:50,000 ni milimita 1.2, karibu na unene wa alama za kalamu ya kawaida, kwa hiyo upimaji huo lazima ufanyike shambani. Vijana wako wanaweza pia kutazama picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972 na ambazo sasa hutolewa bure, wafuatilie mwaka kwa mwaka maji yalipofika.

Tunataka kuchimba lambo na kupeleka maji mashambani kwa mfereji. Je, kontua za ramani ya zamani zinatosha kuchagua mahali?
*Mjumbe wa kamati ya maji, Sikonge*

Zinatosha kuchagua mahali pa kwenda kutazama, na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Hesabu ardhi inayomwaga maji kuelekea lambo lenu kwa kufuata migongo ya miinuko kwenye karatasi. Kazi hiyo kontua huifanya vizuri, na inaweza kuwaepusha na kuchimba lambo lisilojaa. Kwanza someni ukingoni kama urefu umeandikwa kwa futi au kwa mita, kwa sababu karatasi za zamani nyingi ni za futi, na futi 50 ni mita 15 na kidogo.

Mfereji ni jambo jingine. Mfereji wa udongo unaoshuka mita 1 kwa kila kilomita 1 utahitaji kilomita 20 kushuka kutoka kontua moja hadi ya pili iwapo nafasi kati yake ni mita 20. Yote yatakayoamua kama maji yatatembea au yatasimama yamo ndani ya uwazi huo ambao ramani haiuoni. Mtafuteni fundi wa upimaji mwenye levo, chombo cha kupimia tofauti ndogo za urefu wa ardhi, na mpitieni kwa ofisa wa umwagiliaji wa wilaya kabla ya kumlipa mwenye greda.

Ramani yetu ya zamani ina majina ya vijiji ambavyo havipo, na kijiji chetu hakimo. Bonde tunalolima sasa limeandikwa jina la watu tusiowajua. Kwa nini?
*Mwalimu wa jiografia, Kasulu*

Mwalimu, mkoa wako umehamishwa zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa sehemu za Kigoma na magharibi ya Tabora katika makazi maalumu kwa ajili ya kupambana na malale, na mabonde waliyoyaacha yakarudi kuwa pori. Kisha mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, miongoni mwa operesheni za kwanza za kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Karatasi iliyotokana na picha za kabla ya hapo inaonyesha nyumba zilizotawanyika kando ya mito na kwenye migongo ya vilima, na ile ya baada yake inaonyesha nyumba zilizopangwa kandokando ya barabara.

Wape wanafunzi wako karatasi mbili hizo, kama utazipata, wachore juu ya karatasi nyepesi mahali watu walipokuwa wakiishi na mahali wanapolima leo. Kisha wakawaulize mabibi na mababu zao nani alikuwa akilima vinyungu, yaani bustani za kiangazi, bondeni kabla ya kuhama. Majina hayo yanastahili kuandikwa daftarini mapema, kwa sababu wanaoyajua wanazidi kupungua.

Ramani hizi zinapatikana wapi?
*Wasomaji kadhaa*

Anzeni na Idara ya Upimaji na Ramani katika wizara inayoshughulikia ardhi. Kila karatasi ya 1:50,000 hufunika robo nyuzi kwa robo nyuzi, mraba wa takriban kilomita 28 kila upande, na ina namba yenye alama ya mkwaju (/) na tarakimu kati ya 1 na 4. Tajeni namba hiyo, au mtaje latitudo na longitudo ya kijiji, kwa sababu jina la kijiji peke yake huwasumbua wahudumu. Ombeni toleo la kwanza na la mwisho, na muulize mwaka wa picha za kila moja. Nyaraka za Wajerumani zitafuteni Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Sehemu ya picha za anga za idara ile ya Uingereza imehifadhiwa Edinburgh, katika hazina ya taifa ya picha za anga ya huko, na huagizwa kwa malipo. Kikundi kinachotaka picha moja tu kwa ajili ya shauri la mfereji kichangishane na vikundi jirani, kwa kuwa picha moja hufunika eneo pana kuliko kijiji kimoja.